Joseph Pulitzer, Mwandishi Aliyewajengea Vijana Chuo



Katika mkutano wetu wa mwaka jana, baada ya chakula cha mchana, kijana mmoja wa Kidato cha Nne alinifuata chini ya mwembe ulio karibu na bwalo. Aliniamkia kwa adabu, kisha akataka kujua mtu afanye nini ili awe mwandishi wa habari, ikiwa hana ndugu wala jamaa katika gazeti lolote. Nilimjibu kwamba afanye bidii. Akashukuru, akaenda zake.

Nilipokuwa ndani ya basi kurudi nyumbani niliona aibu. Nimekula mkate wa magazeti kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini jibu nililompa angeweza kulipata kwa mtu yeyote, hata asiyepata kuandika barua. Basi Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri, nilimkumbuka kijana yule, nikamchagua Joseph Pulitzer. Wengi wenu mmelisikia jina hilo kwa sababu ya tuzo wanazopewa waandishi wa Marekani kila mwaka. Lakini tuzo zilikuwa nusu tu ya jambo alilolikusudia. Nusu nyingine ilikuwa chuo, na habari ya chuo hicho ndiyo hasa ninayotaka kijana yule aisome.

Utoto na safari ya Marekani

Pulitzer alizaliwa tarehe 10 Aprili, 1847, katika mji wa Makó, nchini Hungaria. Baba yake alikuwa Myahudi mfanyabiashara wa nafaka, na nyumbani hawakuwa na shida. Baba alipofariki mwaka 1858, mali ilipukutika, na mama akaolewa tena. Kijana Joseph alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye macho mabovu. Alitaka uaskari. Alijaribu jeshi la Austria, la Ufaransa na la Uingereza, na kote alikataliwa kwa ajili ya macho na afya yake.

Wakati huo Wamarekani walikuwa katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na upande wa Kaskazini ulikuwa ukitafuta askari hata Ulaya. Mjini Hamburg Pulitzer akakutana na wakala aliyekuwa akiandikisha vijana, naye akaandikishwa. Alifika Marekani mwaka 1864 akiwa na umri wa miaka 17. Alijua Kihungaria, Kijerumani na Kifaransa, lakini Kiingereza alikuwa hakijui. Alitumikia katika kikosi cha wapanda farasi mpaka vita vilipokwisha mwaka 1865, kisha akajikuta mtaani bila kazi, pamoja na maelfu ya askari wengine walioachishwa.

Akaenda St. Louis, mji ulioko kando ya mto Mississippi, kwa kuwa walikuwako Wajerumani wengi na lugha yao aliijua. Huko alifanya kila kazi aliyoipata. Alitunza nyumbu, akabeba mizigo, akapakua sahani za watu mikahawani. Lakini jioni zake hakuzitupa. Alijiunga na maktaba kubwa ya mji ule, na humo akajifunza Kiingereza na sheria, kitabu baada ya kitabu.

Husimuliwa kwamba katika chumba cha sataranji cha maktaba hiyo alisimama kuwatazama mabwana wawili wakicheza, akatoa shauri juu ya kete moja. Mabwana hao walikuwa wakuu wa gazeti la Kijerumani lililoitwa Westliche Post. Walipendezwa naye, wakazungumza, na mwaka 1868 wakamwajiri kuwa mwandishi. Tazameni, vijana wangu. Huyu naye hakuwa na ndugu gazetini. Alikuwa na maktaba, na akapata wakubwa wawili waliokubali kumsikiliza mtu asiyejulikana. Mwanzo wake ulihitaji vyote viwili.

Kuinuka kwake

Katika gazeti lile alifanya kazi toka asubuhi hadi usiku wa manane. Alikwisha kuwa raia wa Marekani mwaka 1867, na miaka michache baadaye akachaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo la Missouri. Alikuwa mwepesi wa hasira. Mwaka 1870 aligombana na mtu mmoja aliyekuwa akitetea maslahi ya makandarasi, akampiga risasi mguuni, na akatozwa faini. Nalisema hili mapema ili msidhani nawasimulia maisha ya mtakatifu.

Mwaka 1878 alinunua katika mnada gazeti la St. Louis Dispatch, lililokuwa limefilisika, kwa dola 2,500. Akaliunganisha na gazeti jingine, likawa Post-Dispatch. Gazeti hilo likachapisha orodha za mali ambazo matajiri wa mji walizitaja kwa ajili ya kodi, na watu wakaona jinsi wenye majumba makubwa walivyolipa kidogo. Matajiri walikasirika, lakini wasomaji waliongezeka.

Mwaka 1883 akahamia New York, akanunua gazeti la World kwa dola 346,000. Wakati ule lilikuwa likiuza nakala kama 15,000 kwa siku. Pulitzer alitaka liandikwe kwa lugha ambayo mhamiaji aliyefika juzi angeweza kuifuata. Akaongeza picha, akapanua vichwa vya habari, akawatuma waandishi wake vichochoroni na mahakamani badala ya kuwaacha wakae ofisini wakingoja taarifa. Baada ya miaka michache World likayapita magazeti yote ya mji ule kwa wingi wa nakala.

Mnaijua ile sanamu kubwa ya mwanamke mwenye mwenge iliyoko katika bandari ya New York. Ilikuwa zawadi ya watu wa Ufaransa, lakini Wamarekani walishindwa kupata fedha za kujenga msingi wa kuisimamisha. Mwaka 1885 World lilianza kuchangisha. Liliahidi kuchapa jina la kila mtoaji, hata kama ametoa senti tu. Katika muda wa miezi kama mitano zilipatikana zaidi ya dola 100,000, na sehemu kubwa ya watoaji walitoa chini ya dola moja kila mmoja. Mtoto wa shule aliliona jina lake gazetini sawa na la tajiri.

Miaka miwili baadaye, 1887, alifika katika ofisi za World msichana mmoja aliyekuwa akitumia jina la Nellie Bly. Alikuwa ametoka Pittsburgh, hana kazi na hana mwenyeji. Mhariri alimpa jaribio gumu. Alitakiwa ajifanye mwendawazimu ili afungwe katika hospitali ya wanawake wenye maradhi ya akili katika kisiwa cha Blackwell, apate kuona mwenyewe jinsi wagonjwa walivyotendewa. Alikaa humo siku 10. Alikula chakula kibovu, akaogeshwa maji ya baridi kali, akaona wanawake wenye akili timamu waliofungiwa humo kwa sababu tu hawakujua Kiingereza. Alipochapisha habari hizo serikali ya mji iliongeza fedha za kuwatunza wagonjwa.

Watu husifu ujasiri wa msichana yule, na ni haki wausifu. Mimi huangalia pia jambo jingine. Kabla hajaingia alikuwa ameahidiwa kwamba atatolewa, na siku zilipotimia gazeti lilimtuma mwanasheria kwenda kumtoa. Mwandishi mchanga akitumwa mahali pa hatari, lazima awepo mtu nyuma yake anayejua alipo na atakayemfuata.

Doa lake

Sasa nifike mahali pasipopendeza. Mwaka 1895 tajiri kijana William Randolph Hearst alinunua gazeti la Journal mjini New York, akaanza kushindana na Pulitzer. Aliwavuta waandishi wa World kwa mishahara minono, na hata mchoraji wa kibonzo cha mtoto mwenye kanzu ya manjano akamchukua. Kutokana na kanzu ile watu wakayaita magazeti hayo mawili magazeti ya manjano. Kila moja lilitaka kupiga kelele kuliko mwenzake. Meli ya kivita ya Marekani iitwayo Maine ilipolipuka katika bandari ya Havana mwezi wa Februari, 1898, magazeti hayo hayakungoja uchunguzi. Yaliwachochea watu dhidi ya Hispania, na vita vikaja.

Wakati wa vita hivyo wachapishaji walipandisha bei ya jumla kwa watoto wauza magazeti, kutoka senti 50 hadi senti 60 kwa kila nakala 100. Vita vilipokwisha, magazeti mengine yalirudisha bei ya zamani, lakini World na Journal hayakurudisha. Mwezi wa Julai, 1899, watoto wale waligoma. Baada ya majuma mawili hivi wakubwa waliibakiza bei ile ile, ila walikubali kuzirudisha na kuzilipia nakala zisizouzwa. Huyo ndiye mtu ambaye mwenyewe aliwahi kulala njaa katika miji ya Marekani. Ukubwa humsahaulisha mtu.

Hata ofisini mwake hakuwa bwana mwepesi. Alikuwa na desturi ya kuwapa wahariri wawili madaraka yanayogongana ili washindane, na wengi walichoka wakaacha kazi. Macho yake yalikuwa yakimwacha tangu mwisho wa miaka ya themanini, na mwaka 1890 aliacha kukaa katika kiti cha mhariri. Miaka 20 iliyobaki aliiishi karibu katika giza, tena masikio yake yakawa hayavumilii kelele yoyote. Alijengewa vyumba vya kuzuia sauti, akasafiri baharini katika jahazi lake la anasa, huku makatibu vijana wakimsomea magazeti na vitabu kutwa nzima. Hata hivyo maagizo kwa World hayakukoma, yakifika kwa barua na simu za maandishi kutoka popote alipokuwa.

Chuo

Katika giza hilo alilirudia wazo lililokuwa moyoni mwake tangu zamani. Mwaka 1892 alikuwa amekiomba Chuo Kikuu cha Columbia, kilichoko New York, kifungue shule ya uandishi wa habari kwa fedha zake, na wakuu wa chuo wakakataa. Uandishi haukuhesabiwa kuwa elimu. Mwaka 1903 alitoa ahadi ya dola milioni 2, na safari hii chuo kikakubali.

Wenye magazeti wengi walicheka. Walisema mwandishi huzaliwa, hafundishwi, na kwamba shule ya kazi hii ni chumba cha habari chenyewe. Mwaka 1904 Pulitzer aliwajibu katika makala ndefu. Alieleza kuwa hakimu hafundishwi kazi kwa kuwatia watu kifungoni kimakosa mpaka azoee, na daktari hafundishwi kwa kuwaua wagonjwa, basi kwa nini mwandishi ajifunze kwa kuharibu majina ya watu? Hayo si maneno yake, ni maana niliyoipata mimi, lakini sidhani kama nimekosea.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze kwa nini hoja hiyo inanigusa. Nilitoka shuleni hapa mwaka 1973. Shule ya uandishi ilikuwako Nairobi tangu 1970, lakini ile ya Dar es Salaam ilifunguliwa 1975. Mwaka 1974 gazeti moja liliniajiri. Nilionyeshwa meza, nikaonyeshwa taipureta, nikaambiwa niende mahakamani. Kesi ilikuwa ya karani wa chama cha ushirika aliyeshtakiwa kwa wizi. Nilisikia majina yake mawili yakitajwa, la tatu nikaliuliza kwa mtu aliyekuwa ameketi kando yangu. Nilichapa jina la ndugu yake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Masahihisho yalitoka siku nne baadaye, ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo. Nilimwendea mwalimu yule nyumbani kuomba radhi. Alinikaribisha kiti, mke wake akaniletea maji, na mwalimu hakusema neno la ukali. Aliniambia tu kwamba watoto wake wawili walikuwa hawataki kwenda shule. Niliyanywa maji yale. Mpaka leo sijapata kunywa maji mazito kama yale.

Aliyeniokoa nisiiache kazi ni mhariri wa zamu ya usiku, ambaye alikuwa amenitangulia katika shule hii kwa miaka minane. Kwa muda wa miezi miwili alinikalisha kando yake kila jioni kazi ilipopungua. Alinifundisha kumpa mtu daftari aandike jina lake kwa mkono wake. Alinifundisha kusoma hati ya mashtaka kwa karani wa mahakama kabla ya kuandika mstari mmoja. Hakuna aliyemlipa kwa ajili hiyo. Nami mwaka jana, kijana aliponijia chini ya mwembe, nilimpa maneno mawili.

Turudi kwa Pulitzer. Aliyataja masomo aliyotaka yafundishwe: sheria, maadili, historia, uchumi, takwimu, lugha za kigeni, sayansi, ufasaha wa maandishi, na zaidi ya yote ukweli na usahihi wa habari. Rais wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa amependekeza yaongezwe mambo ya biashara ya gazeti, kama vile matangazo na mauzo. Pulitzer, ambaye biashara hiyo ilimtajirisha, alikataa. Chuo chake kilikuwa cha kumfundisha mtu kuandika kwa faida ya umma.

Faida ya kujua sheria aliiona mwenyewe. World liliposhuku dola milioni 40 zilizolipwa katika mambo ya mfereji wa Panama, serikali ya Rais Theodore Roosevelt iliwashtaki wenye gazeti kwa kosa la kashfa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwezi wa Januari, 1911, serikali ikashindwa.

Pulitzer hakukiona chuo chake. Alikuwa amehitilafiana na mkuu wa Columbia juu ya baraza la washauri, akaagiza shule isifunguliwe mpaka afe. Alifariki tarehe 29 Oktoba, 1911, ndani ya jahazi lake katika bandari ya Charleston. Wakati huo Chuo Kikuu cha Missouri, katika jimbo lile lile alikoanzia kazi, kilikwisha kufungua shule yake mwaka 1908. Ya Columbia ilifunguliwa mwaka 1912, na wanawake walikuwamo miongoni mwa wanafunzi wa kwanza. Tuzo zilianza kutolewa mwaka 1917.

Katika wasia wake kuna jambo moja ambalo halisemwi sana. Mbali na tuzo za waandishi waliokwisha kufaulu, aliacha fedha kwa wahitimu bora wa shule ile, dola 1,500 kwa kila mmoja, wapate kukaa Ulaya mwaka mzima wakichunguza maisha ya watu na magazeti ya huko. Alikumbuka kwamba mwandishi anapotoka shuleni ndipo anapohitaji msaada kuliko wakati mwingine wowote.

Neno kwa wakubwa na kwa vijana

Mimi naona mtu huyu alijenga kwa fedha zake kile ambacho gazeti lake lilishindwa kuwapa vijana. Makosa yake hayakufutika, lakini alikubali kwamba kazi hii ina madhara ikifanywa na asiyefundishwa, akalipa gharama.

Sisi wa zamani hatuna dola milioni 2. Lakini wapo kati yetu walioko magazetini, redioni, viwandani mwa uchapaji na mahakamani. Kila mmoja anaweza kumpokea mwanafunzi mmoja wakati wa likizo, amwonyeshe kazi inavyofanywa, asome maandishi yake na kuyasahihisha kwa kalamu. Naomba kamati yetu ifungue daftari la majina siku ya mkutano. La kwanza liwe langu.

Nawe kijana wa Kidato cha Nne, jibu langu la mwaka jana nalifuta. Soma historia na hesabu, usizidharau. Jifunze lugha yako vizuri, na nyingine moja zaidi. Ingia maktaba kila juma. Nenda mahakama ya mwanzo iliyo karibu na kwenu, uketi, usikilize, uandike ulichokiona. Jina la mtu liulize mara mbili, kisha umpe daftari aliandike mwenyewe. Halafu mtafute mtu mmoja aliyekutangulia akusomee maandishi yako, na akikosoa usinune.

Mwaka huu nitakuwa pale pale chini ya mwembe baada ya chakula. Njoo na daftari lako. Nitakuja na kalamu nyekundu.

Mwanafunzi wa zamani, 1968–1973